Nimekuja Kujichukua

Jumapili hiyo niliukanda unga wa mandazi kana kwamba ni uso wa mtu. Niliupiga ngumi, nikaugeuza, nikaupiga tena, mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta akiuliza kama kuna shida. Nikamwambia hakuna shida, nina wageni wa chai.

Wageni wenyewe walikuwa baba ya mtoto wangu, mama yake, na mama yangu mimi. Mama yangu ndiye alipanga. Alinipigia simu kutoka Makongeni ya Thika na ile sauti yake ya kanisani, akaniambia nipike chai tu, tukae chini tuongee kama watu. Nikamuuliza tunaongea nini. Akasema chai tu. Lakini mama hajui kudanganya, na kabla hajakata simu alikuwa ameshatapika yote: nikikataa kurudi kwa yule mtu huko Thika, watamchukua msichana wangu siku hiyo hiyo waende naye. Nguo zake niziweke tayari.

Sikuweka nguo hata moja. Nilipika.

Nilitoroka pale mvua zilipoanza, mtoto mgongoni na begi moja mkononi, nikaja kupanga chumba Ruiru, upande wa Kamakis, mahali harufu ya nyama choma inaingia mpaka ndani ya blanketi. Sikutoroka kwa sababu alinipiga. Kunipiga, alinipiga tangu anioe. Kuna meno mawili upande huu aliyatoa yeye, na hakuna mtu hakujua, kwao na kwetu. Nilitoroka kwa sababu siku moja alivua mshipi, mtoto akakimbia kunishika mguu, na kile chuma cha mshipi kikampata juu ya sikio. Alimwona akija. Mkono hakuusimamisha. Mtoto alishonwa, na yeye akampigia mama yake simu akamwambia ati ameanguka kutoka kitandani. Mama yake akaamini. Mimi hakuna mtu aliniuliza.

Kwetu msichana wa pili anapewa jina la mama ya mama yake, na wa kwanza, kama wangu, la mama ya baba yake. Na si jina tu. Watu wanahesabu kwamba yeye ndiye huyo mama, amekuja mara ya pili. Cucu wake, yaani huyo nyanya, akipiga simu alikuwa anamuuliza, "Wewe mimi, umekula?" Na baba yake, siku akiwa na roho nzuri, alikuwa anamwita mama. Mwanaume na ndevu zake, anaita mtoto wa miaka mitatu mama.

Walifika jua likiwa bado kali. Mwanaume akakaa kwa kiti cha pekee, wanawake wawili wakakaa kitandani, mimi nikabaki nimesimama karibu na meko. Chai ilikuwa kwa thamosi, imekolea tangawizi. Nduma nilizichemsha nikaziweka kwa sinia na kisu kando. Sufuria ya mafuta niliyokaangia mandazi niliiacha juu ya moto. Nilijua ni kwa nini naiacha.

Mama yake ndiye aliomba. Aliomba mpaka chai niliyokuwa nimemimina ikashika ngozi juu. Alimshukuru Mungu kwa majani na kwa maziwa, halafu akamkumbusha kuna watoto wanalala chumba kimoja na sufuria, na kuna wanawake wenye vichwa vigumu kama mawe ya kujengea. Akasema amina. Mama yangu akasema amina kubwa kuliko ya mwenye maombi.

Yule mtu akauma andazi, akaliangalia ndani. "Hii ndazi unaweza kuulia mbwa," akasema. "Ruiru imekutoa hata mikono."

Mama yangu akacheka. Hicho kicheko bado sijamsamehe.

Tulikunywa. Waliongea habari za mahindi, za mazishi ya mtu fulani, za maji ya ploti yangu kama yanapotea. Mtoto alikuwa sakafuni kati ya magoti ya cucu wake, anakula nduma, na yule mama anampangusa mdomo na leso yake mwenyewe. Alimpenda, siwezi kusema hakumpenda. Halafu akaweka kikombe chini.

"Maneno si mengi," akaniambia. "Kama unarudi, funga nyumba twende wote. Kama hurudi, mimi nimekuja kujichukua. Siwezi kukaa kwa nyumba ya kupanga na niko na boma yangu."

Nikamwambia sirudi, na hakuna mtu anajichukua hapa. Mama yangu akaanza kuniomba, ati nivumilie, ati wanaume wote wana hasira, ati niangalie mtoto atakula nini. Nikamwambia anywe chai yake.

Yule mtu akasimama. Alisimama tu, hajasema neno, hajanyoosha mkono. Mtoto akaangusha nduma, akalala kifudifudi, akatambaa chini ya kitanda mpaka ukutani. Akajikojolea huko. Tuliona mkojo ukitoka ukifuata ufa wa simiti.

"Kwani huyu anaogopa nini?" cucu wake akauliza.

"Anaogopa mwanao," nikasema. "Muulize alikupiga na nini."

Hakunielewa. Lakini mwanawe alinielewa, kwa sababu kofi lilinipata kabla sijafunga mdomo. Niliangukia sinia, nduma na mandazi zikaenda kila upande, kikombe kikapasukia kiwiko changu. Akanishika nywele. Nilipapasa nikapata kisu cha nduma, nikamchoma mkono, mara mbili, na ningemchoma shingo kama ningeifikia. Aliniachilia akitukana. Hapo nikasimama nikashika sufuria ya mafuta kwa masikio yake yote mawili, na leso sina, vidole vinaungua, nikamwambia asogee aone. Hakusogea.

Mama yake hakuwa anatuangalia. Alikuwa amepiga magoti, ameingiza mkono chini ya kitanda, anamvuta mtoto polepole akimbembeleza. Akamtoa akampakata. Alipokuwa akimpapasa kichwa, vidole vikasimama juu ya sikio. Akatenganisha nywele.

"Hii ni ya kitanda?" akaniuliza.

"Ni ya mshipi. Kile chuma."

"Anadanganya," yule mtu akasema. Damu ilikuwa inamtiririka mpaka kwa saa.

Cucu akamuuliza mtoto mwenyewe, kwa sauti ya chini kabisa, ni nani. Mtoto aliinua kidole kumwelekea baba yake, akakirudisha haraka mdomoni.

Yule mama akamgeukia mwanawe. "Kumbe ulinipiga," akasema. "Ulinipiga, halafu ukanipigia simu ukaniambia nimeanguka."

Akamweka mtoto kitandani kwa adabu. Akachukua thamosi yangu, akampiga nayo usoni. Tulisikia kioo cha ndani kikivunjika. Akampiga tena kwa sikio, chai ikamwagika na vioo vyake shingoni, na yule jamaa mkubwa, aliyenitoa meno, akawa anajikinga na viwiko akilia, "Mama, basi, mama." Alimpiga mpaka nje ya mlango, majirani wakiwa wamejipanga kwa kamba za nguo.

Akarudi akihema, akanyoosha mikono kwa mtoto. "Sasa ndiyo lazima twende," akasema. "Nitajilinda mwenyewe."

Sufuria nilikuwa bado nayo. Nikamwambia akimgusa mtoto nitammwagia, na namwagia yeye, si mwanawe. Sikuwa natisha. Nafikiri aliliona hilo usoni mwangu, maana alishusha mikono, akaokota leso yake, akasema mtoto anahitaji chupi kavu. Akaenda.

Mama yangu alibaki akiokota vioo. Akaniuliza, akilia, kwa nini sikumwambia kwamba anampiga mtoto.

"Nilikuambia ananipiga mimi."

Akaokota kioo kingine.

"Na mimi nina jina la mama yako," nikamwambia. "Uliniambia nirudi nimpikie."

Alikaa chini pale pale, kwa chai iliyomwagika, rinda la kanisa likilowa. Nikamnyang'anya vioo nikavitupa kwa ndoo, nikamwinua kwa mkono, si kwa upole. Nikamwambia barabara anaijua, gari za Thika bado ziko. Alipofika mlangoni akauliza kama anaweza kuja Jumapili nyingine. Nikamwambia sijui.

Nikamwosha mtoto, nikambadilisha. Akaniuliza kama mandazi zilizo sakafuni zinaliwa. Nikampangusia moja. Akakaa nayo mlangoni akila, miguu yote miwili nje, mimi nikiwa nyuma yake na vidole kwa maji baridi.