Mguu Usiouma

Mguu unaouma sina ugomvi nao. Unasema wenyewe unataka nini. Wa kuutilia shaka ni ule ulionyamaza, na hilo mimi nililijua kwa taabu, miaka ile ya siasa kabla ya mapinduzi, nikiwa nimeshapata wajukuu na mume wangu ameshatangulia mbele ya haki.

Nikikaa peke yangu kwenye nyumba yetu ya udongo, upande wa Ole, mikarafuu yangu nyuma ya nyumba na ufunguo wangu kiunoni. Zama zile mtu hata duka la kununulia chumvi alilichagua kwa chama cha mwenye duka, na wapo waliogomeana mazikoni. Kwa hiyo akija mtu kuniambia nilikuwa na tabia ya kushuku, namwambia wewe hukuwako.

Miguu yangu ilikuwa ya mtu aliyekwenda peku maisha yake yote. Magaga yalipasuka, ukiweza kuficha punje ya mchele ndani yake. Nikiyasugua kwa jiwe jepesi la pwani, nikapaka mafuta ya nazi, nikaona kazi imekwisha. Tena nikiosha miguu kwa kila udhu. Mguu unaooshwa kwa sala zote utauguaje? Vidole vilikuwa vimeshaanza kufa ganzi, ukivifinya ni kama unafinya vya mtu mwingine. Nikasema ni uzee, na uzee nao una raha yake, hata miba siisikii.

Kazi yangu ya mchana ilikuwa mikeka. Jirani yangu, mjane mwenzangu, akija barazani tukishona pamoja. Siku moja niliingia ndani kusali adhuhuri, nikamwachia shazia yangu, ile sindano nene ya kushonea ukili. Narudi, naikuta fupi. Ncha haipo.

"Umeivunja," nikamwambia.

"Miye? Nimeikuta hivi hivi."

"Nilikuachia ina ncha."

"Basi itafute kwenye mkeka wako, usiitafute usoni kwangu."

Nikapapasa mkeka wote, sikuiona. Nikajua anayo yeye. Tangu siku hiyo tukawa tunasemeshana, lakini maneno hayakutoka moyoni.

Haukupita muda, akaja mkaza mwanangu kutoka mji wa Mkoani, kunitazama. Mwanangu alikuwa akifanya kazi bandarini kule. Mwanamke yule ni mpole, na upole wake ndio ulionitia wasiwasi. Alipokwisha kunipikia na kunifulia akasema, "Mama, njoo ukae na sisi. Siku ukianguka hapa peke yako nani atakuokota?"

"Na mikarafuu ataitazama nani?"

"Mwanao atajua la kufanya."

Neno hilo likanikaa kifuani. Mtu anayejua la kufanya na mikarafuu ya mamake, mama akiwa hai, nilikuwa sijapata kumsikia. Mimi nilitaka kufia kwangu. Na nilijua, maadamu naenda kisimani na kurudi kwa miguu yangu, hakuna wa kunihamisha. Miguu ikinishinda, nimehama.

Jioni ile ile mkaza mwanangu akafagia nyumba. Magharibi. Kwetu nyumba haifagiliwi magharibi, ni mkosi, na mtoto wa watu huyu alilelewa, analijua hilo. Taka akazikusanya kizingitini, giza likaingia, akaziacha pale. Mimi nikazivuka nilipotoka kutia udhu.

Alipokwisha kurudi kwake, siku moja nimenyoosha miguu mkekani, jirani yangu akainama, akautazama wayo wangu wa kulia.

"Mwenzangu, una kidonda huku. Tena kibichi."

"Hakiumi."

"Hakiumi? Basi hapo umekanyaga kitu."

Kwetu neno hilo si la mwiba wala kigae. Kitu hutegwa njiani au mlangoni, mwenye kutegewa akikivuka, mguu huoza, na dawa ya hospitali haikioni. Sikuuliza nani. Nilikuwa nimeshaziona zile taka kizingitini. Nikaenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani akaniandikia kombe, aya za zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji. Kombe halimwagwi mguuni, ni maneno ya Mungu yale, kwa hiyo nikalinywa. Mguu ukaendelea kunyamaza, nami nikahesabu kuwa unapona.

Mkaza mwanangu aliporudi nilikuwa nimejipanga. Nikikaa, miguu chini ya kanga. Nikisimama, naye namtanguliza. Lakini baada ya alasiri alikuwa anatoka jikoni, akasimama katikati ya ukumbi, anatazama chini.

"Mama, nyayo hizi ni zako?"

"Nyayo gani?"

"Za damu. Kutoka penye birika la udhu mpaka kwenye msala wako wa kusalia."

Nikatazama. Zilikuwa zangu, za mguu mmoja tu, ule wa kulia, moja baada ya nyingine, na mimi sikuwa nimesikia chochote. Nikavuta kanga.

"Hebu nione mguu."

"Utaona nini? Umeshaona."

"Na damu hiyo, mama, umesalia nayo?"

Hapo akanikata maneno. Kuhusu nyumba ningebishana naye mpaka asubuhi. Lakini damu ni najisi, na sala haina mjadala. Kesho yake tukapanda gari la shamba kwenda hospitali ya mjini Chake.

Dresa, yule mfunga vidonda wa hospitali, alikuwa mtu wa makamo, maneno yake ya Unguja. Akanikalisha kwenye benchi, akauinua mguu, akautazama, akauliza, "Bibi, umekanyaga nini?"

Sikuwa nimemwambia neno, naye amelijua. Nikasema basi kitu hiki ni kikubwa, mpaka hospitali wamekiona. Nikamnyooshea kidole mkaza mwanangu.

"Muulize huyu."

Dresa akageuka. "Kakanyaga nini?"

"Sijui. Miye nakaa Mkoani."

"Anajua," nikasema. "Akwambie alichokiweka mlangoni kwangu magharibi."

Mkaza mwanangu akanigeukia. "Taka, mama. Nilikuwa nafagia."

"Taka hazitoboi hivi," akasema dresa, ambaye hakuwa ameelewa hata kidogo tunagombania nini. Akachukua kibanio, akaingiza, akapekua. Mimi namtazama kama anapekua mguu wa mtu mwingine. Akavuta, na kitu kikalia kwenye bakuli la bati.

Nilikijua kabla hakijatulia. Mkaza mwanangu naye akainama.

"Mama, hii si ncha ya shazia?"

Nilikuwa nimeupapasa mkeka mzima nikiitafuta, kumbe natembea nayo.

Dresa akanisafisha, akanifunga, na baada ya kunipima mkojo akasema nina ugonjwa wa sukari. Nikamwambia chai yangu naitia kijiko kimoja. Akasema si habari ya kijiko. Kisha akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto. Mguu wangu hausikii tena, kwa hiyo utazamwe kwa macho kila siku, wayo na katikati ya vidole. Nikishatia udhu niukaushe. Nisiende peku hata ndani. Kiatu nikikung'ute kabla ya kuvaa. Na jiwe la pwani niliache, nisije nikasugua nyama nikidhani ni gaga.

"Wayo wako huwezi kuuona mwenyewe," akasema. "Nyumbani nani atakutazamia?"

Nikamwona mkaza mwanangu anafungua mdomo. Nikaiona Mkoani yote mdomoni mwake.

"Jirani yangu," nikasema.

Njiani kurudi, tulipokaribia kufika, akaniuliza.

"Mama, uliniona mchawi?"

"Ulifagia magharibi."

"Basi sifagii tena."

Alikuwa ameninunulia makubazi ya ngozi dukani pale Chake. Nikayakung'uta mbele yake, moja moja, kisha nikayavaa. Dresa ndiye aliyesema, si yeye.

Jirani nilimpelekea ile ncha kwenye kipande cha karatasi.

"Ncha yako hiyo," akasema. "Na ulisema ninayo miye."

"Uliivunja weye. Mimi nimeibeba tu."

"Sikuivunja."

Hatujamaliza kesi hiyo. Lakini kila siku baada ya alasiri anakuja, nanyoosha miguu mapajani pake, anageuza wayo huku na huku kama anayechagua samaki, kisha naye ananyoosha yake. Akisema hakuna kitu, napitisha kiganja mwenyewe, kwa sababu macho yake yameingia ukungu na hataki kukubali.

Mkaza mwanangu akija huanza kuuliza miguu kabla ya hali. Namwonyesha wayo, mkavu, mzima, umepakwa mafuta. Anautazama, anatafuta, hapati la kusema. Kisha nanyanyuka kwenda kisimani, nimevaa makubazi yake, ufunguo kiunoni.