Ile Tivii ya kwa Shedrack

Mdogo wangu Andendekisye ana tivii ndogo ishirini na sita, zote za rangi, zote za kichogo, zote zenye kishikio juu cha kubebea. Zimejaa kwenye chumba ambacho mimi, dada yake mkubwa, nilidhani kingekuwa changu nikija kumtembelea. Nikija nalala sebuleni kwenye kochi, tivii zinalala chumbani. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba anayesimulia ana kinyongo, na sitakificha.

Yeye ni mtu wa kawaida kabisa. Anauza mbegu na dawa za mifugo Mbalizi, kando ya barabara ya kwenda Tunduma. Ana miaka hamsini na mitatu, anaimba besi kwenye kwaya ya Moraviani na hana ugomvi na mtu. Ukimwona na koti lake la kaki utasema ni mwalimu mstaafu. Huwezi kujua kwamba ana wivu wa kumtoa mtu usingizini. Ulimwanza siku moja mwaka 2003, saa kumi jioni, na mimi nilikuwepo.

Siku hiyo alileta nyumbani tivii yake ya kwanza, inchi kumi na nne, nyekundu, aliyoinunua kwa injinia wa barabara aliyekuwa anahama. Majirani walijaa mpaka dirishani. Ande akavuta antena, akazungusha kitufe, picha ikatulia. Badala ya kuitazama tivii, akageuka kumtazama mkewe. Gloria alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Akaangalia kidogo, akasema, "Nzuri. Ila ile ya kwa Shedrack ilikuwa inapendeza zaidi." Kisha akarudi kugeuza ugali.

Huyo Shedrack tulikuwa tunamjua kwa jina tu. Kabla hajaolewa, wifi yangu alikuwa anapika kwenye mgahawa wa shangazi yake Makongolosi, kule kwenye dhahabu, na Shedrack alikuwa kijana wa Iringa aliyekuja kununua dhahabu kwa wachimbaji. Alikuwa na tivii ndogo na deki, akiviwasha kwa jenereta uani kwake, na nusu ya Makongolosi ilikuwa inakusanyika pale. Walikuwa waoane. Baba yake Shedrack akafariki, naye akaenda kuzika kwao Kalenga, ukoo ukamkalisha hukohuko na kumtafutia mke. Kilichorudi Makongolosi ni barua. Ande aliyajua yote hayo alipomwoa Gloria, akasema hayamsumbui. Na kweli hayakumsumbua, mpaka yalipopata kishikio na antena.

Miezi mitatu baadaye akaleta tivii ya pili. Hii ilikuwa ya inchi kumi, ya Kijapani, ilitumia umeme na betri ya gari. Akaiwasha, akamwita mkewe, akauliza, "Hii inafikia ile?"

"Ile ipi?"

"Ile ya kwa Shedrack."

Gloria akafikiri. "Sijui. Labda."

Labda. Neno hilo lilimpeleka mdogo wangu Tunduma, Njombe, Tukuyu, kwenye nyumba za wamisheni na mabohari ya vyama vya ushirika. Akapata ya inchi tano iliyounganishwa na redio na kaseti. Akapata moja ya manjano, ndani yake kuku alikuwa ameatamia. Matangazo yalipohamia kwenye ving'amuzi na watu wakaanza kutupa vichogo, yeye alifurahi kama mtu aliyesikia sukari imeshuka bei. Alikuwa na fundi wake, Obeid, mtu mpole, ambaye kazi yake ilikuwa kuzifufua. Ikifufuka tu, Gloria anaitwa. Hii inafikia ile? Wifi alijibu kulingana na siku ilivyo. Bado. Karibu. Hii picha yake imekolea, lakini ndogo. Mwaka mmoja alijibu, "Niache nisonge," na Ande alishinda siku mbili hasemi na mtu.

Vijijini walimwona tapeli. Mtu mzima akija kuuliza tivii mbovu, watu wanajua anatafuta mekyuri, yale madini yanayosemekana yamo ndani ya vitu vya zamani. Kule Chunya mzee mmoja alikataa kabisa kumwuzia, akaibomoa tivii yake kwa nyundo mbele ya macho yake ayatoe madini mwenyewe. Hakupata kitu. Ande alilia, nasikia.

Mjini walimsifu. Wanafunzi waliletwa na walimu wao kuangalia, na yeye akawaeleza kila moja ilitoka kwa nani, iliingia nchini mwaka gani, ilionyesha nini mara ya kwanza. Ana daftari, na kila tivii ina karatasi yake imebandikwa ubavuni. Watu wakasema huyu anatunza historia. Historia gani. Mimi aliniambia ukweli dukani kwake, mwaka wa kumi na moja wa ujinga huo, akiwa anafunga dawa ya minyoo.

"Dada, mimi nataka aseme neno moja tu. Hii imeishinda ile. Akisema hivyo naacha."

"Na asiposema?"

"Atasema."

Nilimcheka, lakini nami nilikuwa na wivu wangu. Nilimwonea wivu Gloria. Mwanamke ameolewa, ana watoto watatu, visigino vimepasuka kama vyangu, na bado mume wake anahangaika mikoa mitatu kumgombania na mtu ambaye hayupo. Mume wangu Rabson, hata ningemwambia niliwahi kuchumbiwa na mkuu wa mkoa, angeuliza chakula kimeiva au bado. Kwa hiyo kila wifi alipojibu "bado", mimi nilichukia mara mbili, mara moja kwa ajili ya mdogo wangu na mara moja kwa ajili yangu.

Makongolosi kwenyewe Ande alikwenda mara nyingi kuulizia. Wachimbaji wa zamani walimwambia kitu kilekile. Shedrack ndiye aliyeleta kalari ya kwanza pale, tivii ya rangi. Wengine walikuwa hawana hata nyeusi na nyeupe, yeye akawa na kalari. Mbingu bluu, majani kijani, mpaka mtu unataka kuingia humo ukalale. Ande aliporudi na habari hizo alikuwa hata chai haimpiti.

Mwaka jana ndipo dereva mmoja wa lori, Kalinga, mtu wa Iringa aliyekuwa ananunua dawa za kuku dukani, alipoona tivii juu ya kaunta akasema kijijini kwao kuna mzee anayo kama hiyo, alirudi nayo kutoka Chunya zamani na hataki kuitupa. Kijiji gani? Kalenga. Anaitwa nani? Shedrack.

Ande alimwambia mkewe kwamba tunakwenda Iringa kuangalia mbegu mpya za alizeti. Mimi nilichukuliwa kama shahidi wa uongo huo. Nilibeba kilo tano za mchele wa Kyela, maana hata kama unakwenda kwa adui huwezi kwenda mikono mitupu. Njia nzima hakula kitu, na mara mbili alichana nywele zake.

Alitegemea kukuta mwanaume. Tulimkuta mzee mfupi mwenye kitambi, suruali imeshikwa kwa kamba, anaanika mahindi na mkewe Juliana. Alitupokea kwa mikono miwili. "Kamwene, kamwene, karibuni. Wageni wote wakija Kalenga wanakwenda makumbusho kuangalia fuvu la Mkwawa. Ninyi mmekuja kuniangalia mimi." Ande alijitambulisha kuwa mnunuzi wa tivii za zamani kutoka Mbeya. Mimi, kwa sababu sijui kunyamaza, nikasema ni mume wa Gloria wa Makongolosi.

"Gloria," alisema Shedrack, akacheka kwa furaha tu. "Hajambo?"

"Hajambo," alisema Ande.

Juliana alipoupokea mchele, mzee akaunusa mfuko. "Mchele wa Kyela. Kumbe ndio ule. Gloria ndiye aliyenifundisha kuula." Nilimwona mdogo wangu akikoroga chai iliyokuwa haina sukari, akiikoroga na kuikoroga. Ningekuwa na uwezo ningempokonya Juliana ule mchele nikaondoka nao.

Kisha mzee akafunua kitambaa cha kufuma, na ile tivii ikawa mbele yetu. Ilikuwa nyeusi, inchi kumi na mbili, kishikio kimefungwa waya. Akaiunganisha na deki, akaweka mkanda wa mpira wa miguu. Mbingu ilikuwa bluu. Majani yalikuwa kijani. Lakini mchezaji akiruka kupiga kichwa, kichwa chake nacho kinakuwa cha bluu, na akianguka anakuwa wa kijani mwili mzima. Kocha alipoonyeshwa kwa karibu alikuwa na paji la bluu, pua ya rangi ya chungwa na kidevu cha kijani. Ande akasogea, akagusa kioo. Kidole chake kikainua pembe ya karatasi la nailoni lenye rangi tatu.

"Kalari?" alisema Shedrack alipoulizwa. "Hii ni nyeusi na nyeupe, ndugu yangu. Hilo karatasi tu tulibandika. Watu wa machimbo walikuwa hawajui, na mimi nani niwakatalie?"

Mdogo wangu alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, hata siku ya harusi yake. Alipotaka kuinunua, Shedrack akakataa, akasema aichukue bure, amsalimie Gloria. Siku nyingine bure hiyo ingemwua. Siku ile aliibeba kwa kishikio, akaipakata njiani kote, akawa ananirudia maneno yaleyale kila tulipopita kilima: miaka ishirini na moja, dada, nashindana na karatasi. Mimi nami nilifurahi, nisiseme uongo. Nilitaka kuiona sura ya wifi yangu.

Tulifika Jumapili mchana, watu wametoka kanisani. Gloria alikuwa sebuleni anachambua maharage kwenye ungo. Ande hakunawa hata uso. Akaiweka tivii mezani, akaiunganisha na deki, akaweka mkanda wa mpira, akaiwasha.

"Gloria," alisema. Siku zote humwita mama Ipyana. "Njoo uone kalari ya Shedrack."

Wifi akainua macho. Ande akashika pembe ya karatasi kwa juu, akalibandua polepole mpaka chini. Ikabaki picha ya kijivu, watu wa kijivu wanakimbia kwenye majani ya kijivu. Akasimama na lile karatasi mkononi. "Nyeusi na nyeupe," akasema. "Miaka yote hii. Nyeusi na nyeupe."

Gloria alitazama tivii, akalitazama karatasi. Akatoa jiwe kwenye maharage, akaliweka pembeni.

"Najua," alisema. "Hilo karatasi nililinunua mimi mnadani. Na nililibandika mimi."

Nilitamani kuwa kwangu, na Rabson ananidai chakula. Mdogo wangu alikaa kwenye mkono wa kochi. Aliuliza kwa sauti ambayo kwenye kwaya isingesikika.

"Sasa ulikuwa unasifu nini?"

"Nilisifu mara moja, baba Ipyana. Mara moja tu, na ilinitoka tu, hata sikuifikiria. Kuanzia hapo ni wewe. Kila ukileta nyingine unaniita, unanisimamisha mbele yake, unaniuliza kama inafikia ile ya kwa Shedrack. Mara ishirini na tano." Hakuwa amekasirika, alionekana amechoka. "Huyo mtu mimi ningemsahau saa ngapi?"