Saa Isiyo na Springi

Miaka ile ya utawala wa kijeshi, saa yako ikiharibika mjini Tororo ulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea. Aliitwa Bartholomew Odoi, mwenyeji wa Nabuyoga, mtu mrefu mwenye vidole vyembamba kama vya mwanamke anayesuka. Alikaa kwenye baraza ya duka lililofungwa, nyuma ya meza ndogo yenye kioo, na lenzi yake nyeusi haikumtoka jichoni tangu asubuhi mpaka wakati wa kula.

Ufundi alifundishwa na Mhindi mmoja, Manilal, aliyemchukua kwanza kama kijana wa kufagia. Manilal alikuwa akiletewa majarida ya mafundi kutoka Bombay. Kila lilipofika jipya, walikaa pamoja Mhindi akimfasiria Odoi ukurasa mmoja mmoja: mafuta mapya ya kulainisha, kioo kisichochubuka, saa inayojijaza yenyewe mkono unapotembea. Mwaka wa sabini na mbili Wahindi wakafukuzwa. Manilal alimwachia bisibisi zake zote na makopo ya vipuri, akapanda gari moshi akilia. Majarida nayo hayakuja tena. Odoi hakuyatamani sana. Kazi ilikuwa nyingi, ushindani hakuna, na mezani pale hakuna aliyewahi kumwambia umekosea.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Muzafaru, mwenye pikapu ya Pijo iliyochakaa, Mnubi kwa upande wa mama na Msamia kwa upande wa baba. Alibeba samaki kutoka Majanji, kando ya ziwa, na bidhaa za kila namna kutoka Busia, na mara nyingine alifika hadi Nairobi. Alipenda habari kuliko faida. Akishuka garini tu, kabla hata ya salamu kwisha, alikuwa ameshaanza.

"Fundi, wewe umelala huku. Nairobi nimeona mashine ya hesabu inaingia mfukoni mwa shati. Unabonyeza tu, jibu linawaka rangi nyekundu!"

Watu barazani wakacheka. Muzafaru hakujali.

"Na saa nazo zimetoka mpya. Hazijazwi."

"Zinazojijaza nazijua," Odoi akasema bila kuinua kichwa. "Natengeneza kila wiki."

"Si hizo, ndugu yangu. Hizi hazina springi. Ndani hakuna springi kabisa!"

Odoi akaitoa lenzi jichoni, jambo ambalo hakulifanya kwa urahisi. "Muzafaru, wewe jua gari na samaki. Saa bila springi ni ng'ombe bila tumbo. Atasimama wapi?"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Muzafaru naye alicheka, maana hakuwa mtu wa kununa. "Haya, fundi," alisema akirudi garini. "Iko siku utaiona."

Ilipita miezi kadhaa. Siku moja jipu ya jeshi ikasimama mbele ya baraza, akashuka kepteni mmoja ambaye Odoi alimfahamu, kwa kuwa alikuwa akimtengenezea saa za nyumbani kwake. Wateja wawili waliokuwa wakingoja walisogea pembeni bila kuambiwa. Kepteni akavua saa na kuiweka juu ya kioo.

"Fundi, hii saa imekufa. Mpya kabisa hii, hata mwaka haijamaliza. Angalia."

Ilikuwa saa nzuri, nzito, yenye uso wa buluu. Odoi akaifungua mgongo. Ndani aliona kibamba cha kijani, uzi wa shaba mwembamba kuliko unywele uliozungushwa kwenye kijiti, na kiduara cha chuma kinachong'aa kama kifungo cha shati. Magurudumu yalikuwa machache mno, mengine ya plastiki. Alitafuta springi, hakuiona. Alitafuta lile gurudumu dogo linalotetema, lile ambalo Manilal alimfundisha kuliita moyo wa saa. Halikuwepo.

"Iko namna gani?" kepteni akauliza.

"Afande, wamekuibia. Mashine yenyewe imetolewa, wakajaza takataka za redio."

Aliyasema kwa sauti, wale wateja wasikie.

"Una hakika?"

"Kazi hii ndiyo imenizeesha, afande."

"Basi Muzafaru amenichezea."

Odoi akaweka bisibisi chini. "Muzafaru yupi, afande?"

"Huyu wa pikapu. Nilimtuma Nairobi aninunulie. Akaniambia duniani hakuna saa kama hii."

Hapo Odoi akakumbuka maneno ya barazani, na kicheko chake mwenyewe. Nafasi ilikuwepo. Angeweza kusema, afande, ngoja kwanza, huenda ni aina nisiyoijua. Lakini macho ya kepteni yalikuwa juu yake, wale wateja wawili walikuwa wakisikiliza, na kumwambia askari neno hili kisha neno lile lilikuwa jambo ambalo watu walilipa kwa uhai wao. Kulikuwa na hofu hiyo, ndiyo. Lakini ndani ya hofu kulikuwa na kitu kingine, na baadaye Odoi alikitaja waziwazi kwa mkewe: aliona haya kusema hajui. Akainama, akaifuta lenzi kwa pindo la shati.

"Tafuta mashine nyingine uitie," kepteni akasema. "Saa ibaki kwako."

Muzafaru alichukuliwa kesho yake, akishusha samaki sokoni. Walioona walisema hakubishana. Alimpa ufunguo wa gari mwanamke mmoja aliyeuza karibu naye, akamwambia ampelekee mkewe, akapanda nyuma ya jipu kama mtu anayepewa lifti.

Mkewe, Habibah, alikwenda kwa shehe, akaenda kwa mkuu wa mtaa, kisha akaja barazani kwa Odoi.

"Shemeji, afande yule anakujua wewe. Saa zake unashika wewe. Nenda umuulize tu kosa la mwenzako ni nini. Kama ni fidia, nitauza hata pikapu."

Saa yenyewe ilikuwa kwenye mtoto wa meza, shubiri moja kutoka goti la Odoi. "Nitauliza, shemeji," alisema. Hakwenda. Habibah akarudi mara ya pili, akajibiwa vilevile.

Nyumbani, mkewe Awor aliona chakula hakiliwi. "Baba Oketcho, unaumwa?" Akasema ni kichwa. Kutwa alipekua makopo ya Manilal akitafuta mashine ya kuingia kwenye saa ile, na kila aliyoijaribu ilikataa. Hata matundu ya skrubu hayakulingana. Mwisho aliamua kwenda Busia upande wa Kenya. Alikuwa amesikia habari za mama mmoja aliyeuza redio na saa huko, jina lake Syprose, mwenye vipuri ambavyo Uganda vilikuwa vimekwisha zamani.

Alivuka kwa njia za panya pamoja na wanawake waliobeba kahawa, saa ikiwa imefungwa kwenye leso. Duka la Syprose lilikuwa dogo, limejaa redio mpaka darini. Mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini. Odoi akafungua leso, akaeleza kwamba saa imeibwa mashine na anatafuta nyingine ya ukubwa huo.

Syprose akaifungua mgongo kwa ncha ya kisu cha matunda. Hata lenzi hakutumia.

"Mzee, mashine si hii hapa?"

"Hizo ni takataka za redio, mama."

"Ndizo zenyewe." Akakibinua kile kifungo kinachong'aa, akakiweka pembeni, akatoa kingine kama hicho kwenye droo na kukipachika. "Betri ndiyo ilikuwa imekwisha."

Mshale mwembamba wa sekunde ukaruka hatua moja, ukatulia, ukaruka tena. Odoi aliutazama kama mtu anayemtazama maiti akiketi.

"Inatembea kwa kitu gani?" akauliza, na sauti haikuwa yake.

"Kuna kijiwe ndani ya hiki kibweta. Umeme wa betri ukikigusa, kinatetemeka maelfu na maelfu ya mara katika sekunde moja, na hakikosei. Hivi vigurudumu vinafuata hesabu yake tu. Nilisoma gazetini, na mimi mwanzoni nilidhani ni uongo. Wanasema zetu za springi zitakuja kuwa mapambo ya kabatini."

Odoi akakaa juu ya kreti la soda. Syprose akamsogezea maji.

"Kuna mtu alinieleza haya," Odoi akasema. "Nikamcheka."

"Si wewe peke yako. Kila wiki ananirudia mteja akisema nimemuuzia ganda tupu." Aliyasema kwa kumliwaza. Hakujua kwamba anamtonesha kidonda.

Odoi hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi lango la kambi, vumbi la njiani likiwa bado kwenye suruali, akaomba kumwona kepteni. Akaruhusiwa. Kepteni akaipokea saa, akaiweka sikioni.

"Haina sauti."

"Ndivyo zilivyo, afande. Ni saa nzima. Sijapata kushika nzuri kuliko hii. Ilikwisha betri tu. Mimi ndiye niliyekosea, aina hii nilikuwa siijui. Muzafaru hakukudanganya hata kidogo."

Kepteni akaifunga mkononi, akaugeuza mkono kwenye mwanga wa dirisha. Uso wa buluu ukameta. "Vizuri," akasema.

"Na Muzafaru, afande?"

"Muzafaru yupi?"

"Yule wa pikapu."

Kepteni akamtazama kitambo, bila hasira. Baadaye Odoi alisema ni heri ingekuwepo hasira.

"Fundi, wewe ni mtu wa kazi. Nenda fanya kazi yako."

Odoi alimkuta Habibah uani kwake akitenga samaki wakavu, wazima huku, waliovunjika kule. Akasimama mbele yake, akamweleza yote tangu mwanzo: kicheko cha barazani, kepteni, Syprose, kijiwe. Habibah aliendelea kutenga samaki mpaka Odoi alipomaliza.

"Nimekuja kwako mara mbili," akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Na saa ilikuwa wapi?"

"Mezani. Kwenye mtoto wa meza."

"Kepteni alipolitaja jina la baba wa watoto wangu, wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Hata 'sijui'?"

"Hata hilo."

Habibah akavuta gunia, akafunika samaki. "Watoto wanarudi kutoka shule sasa hivi. Wasikukute."

Awor, alipojua, alitaka wahamie Kenya usiku uleule, maana mtu aliyekwenda kambini kumtetea mwingine hakuwa salama. Odoi akakataa. Alisema wakimtaka wajue pa kumkuta. Hawakuja kumchukua. Kepteni aliendelea kumletea kazi mpaka alipohamishwa, na kila mara ile saa ya buluu ilikuwa mkononi mwake, ikienda barabara. Odoi alizifanya kazi hizo na kuzirudisha. Maongezi ya barazani yalikauka. Wateja walipewa saa zao, wakaaga.

Mara mojamoja alivuka kwenda kwa Syprose kujifunza mambo ya betri na vibweta. Syprose alishangaa: mtu wa umri wake, na sifa alizonazo, akae chini ya mwanamke muuza redio. Alijifunza vizuri. Zile saa mpya zilipoanza kuingia Tororo kwa magendo, ni yeye aliyezitambua, na wenye nazo walimsifu mno. Sifa hizo alizipokea kimya. Jioni moja Awor alimwambia kwamba walau sasa anajua. Odoi akamjibu kwamba aliyekuja kumpa elimu hiyo bure, kwa furaha, mlangoni kwake, ndiye aliyelipa ada yake.

Habibah aliuza pikapu, akarudi kwa ndugu zake Majanji akawa anakausha samaki na kuwapeleka masoko ya Busia. Walipokutana Odoi alimwamkia. Siku nyingine aliitikiwa, siku nyingine hakuitikiwa.

Mwaka wa sabini na tisa wanajeshi walipokimbia, watu waliingia kambini kuwatafuta ndugu zao. Odoi alikwenda pamoja na kaka yake Habibah, aliyeitwa Dauda. Walipita chumba kwa chumba wakiita jina. Walikuta milango iliyong'olewa, magodoro yaliyochanwa, na kondoo mmoja aliyepotea njia. Kila waliyemuuliza naye alikuwa akimuulizia wake. Wakarudi wakiwa hawana hata kofia ya kumpelekea dada.

Shehe akamwambia Habibah kwamba sasa inatosha, anaweza kukaa eda. Akavaa nyeupe, akaingia ndani. Ndugu wakaandaa hitima ya mtu asiye na kaburi, hapo Majanji, watu wakaja kutoka Busia, Tororo na ng'ambo ya mpaka. Odoi alifika akiwa na gunia la wimbi la Nabuyoga, Awor akiwa na kuku wawili. Hakujua kama atakaribishwa. Dauda akalipokea gunia, akamwonyesha mkeka wa wanaume. Odoi, ambaye hakujua dua hata moja ya pale, alikaa mwisho wa mkeka, mikono mapajani, mpaka kisomo kilipokwisha.

Sinia zikaletwa. Ndani, nyuma ya pazia, Habibah alimuuliza Awor kama Odoi amekuja. Awor akamwambia amekuja, yuko nje na wanaume.

"Amepewa chakula?"

"Amepewa."

Habibah akatikisa kichwa kukubali, akaomba wamsogezee mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa amesinzia sakafuni, asikanyagwe na wageni.