Nilishukuru kwa Paa Ambalo Halikujengwa

Admin, nifichie jina langu na jina la soko, maana huku Dagoretti watu wakisoma mistari miwili tu watanijua. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mitatu, nimeolewa, nina watoto, nauza mboga za kienyeji na dagaa wa omena. Kwetu ni magharibi lakini maisha yangu ya utu uzima yote yako hapa Nairobi. Wale wa kutukana, tukaneni polepole, nimeshatukanwa vya kutosha.

Kuna shirika lilikuja kufufua soko letu. Ofisi yao iko Ngara, kule mjini, na mkurugenzi ni mzee wa kanisa letu. Walituahidi soko lenye paa, maji na vyoo, kwa pesa za wafadhili wa ng'ambo. Tukaambiwa tubomoe vibanda vyetu ili mafundi wapate nafasi, na tulibomoa wenyewe tukiimba. Kwangu baraka zikawa mbili, kwa sababu mkurugenzi alimwajiri mume wangu awe mlinzi wa geti kule ofisini. Baba Faith alikuwa amekaa muda mrefu bila kazi, mpaka akaanza kuogopa kukutana na mwenye nyumba.

Nguzo ziliposimama na mabati kuletwa, mkurugenzi alikuja na mtu wa kamera kupiga video ya kuwapelekea wafadhili. Akaniita mbele. "Mama Faith, wewe ndio mtu wa ushuhuda. Ambia hao watu vile Mungu ametenda."

Sasa nisikilizeni vizuri. Kanisani kwetu tunashukuru kabla ya kupokea. Mgonjwa anasimama anasema amepona, huku bado ameshika kiuno, nasi tunaitikia amina. Hiyo ndiyo imani tuliyofundishwa na sijawahi kuiona kama uongo. Basi nikasema namshukuru Mungu kwa sababu nauza chini ya paa, mvua hainipati, na choo ni kisafi. Wenzangu wote wakasema amina. Mama Brian, rafiki yangu ambaye tulikuwa tunatandika gunia moja sokoni, alipiga vigelegele kuwashinda wote.

Baadaye lori lilikuja likabeba yale mabati, eti yanabadilishwa na mazuri zaidi. Hayajarudi. Mafundi nao wakapotea. Nguzo zimebaki pale, na wenye mbuzi wanaoelekea machinjioni wanawafunga hapo. Mvua ikinyesha tunauza kwenye matope, na vibanda tulivyobomoa hatuna tena. Watu wanasema mkurugenzi alikula pesa. Mimi sijui, sikuona mkono wa mtu mfukoni. Ninachojua ni kwamba paa hakuna.

Wanawake wakaamua kwenda Ngara kuuliza. Mimi nilibaki kuwalindia bidhaa. Kufika kule, aliyewafungia geti ni mume wangu. Mama Brian akamwambia, "Baba Faith, fungua basi, si unatujua?" Naye akajibu akiangalia chini, "Mama, nimeambiwa tu. Hii job ndio niko nayo." Halafu karani akatoka na simu, akawaonyesha video yangu. "Soko ilijengwa. Huyu si mwenzenu? Ama anadanganya?"

Waliporudi hakuna aliyenisalimia. Mama Brian alichukua vitu vyake akavihamisha upande wa pili. Nikamfuata. "Mama Brian, si wewe ulipiga vigelegele?"

"Nilipigia Mungu," akasema. "Wewe ulikuwa unaongea na camera. Na bwanako ndio alipata kazi."

Nikalia mbele ya wateja kama mtoto. Sikuwauza wenzangu kwa ajili ya kazi ya mume wangu, Mungu ni shahidi. Lakini hata mimi, kama ningekuwa nimesimama nje ya lile geti, ningeamini nini?

Sasa soko lote limesikia kwamba wafadhili wanatuma wageni wa kuchunguza, na kwamba wameomba kuongea na mama wa kwenye video. Mkurugenzi alinipigia simu kwa sauti tamu. "Mama Faith, wewe sema tu yale ulisema. Ukigeuka, itakuwa ulidanganya mbele ya Mungu. Na sitaki kazi ya bwanako iingie kwa hii maneno." Nilipomweleza mume wangu, alisukuma sahani kando. "Mimi sikuambii kitu," akasema. "Lakini rent unaijua." Nilitamani angenigombeza tu.

Ukweli ni kwamba sioni pa kutokea. Nikisema yaliyotokea, Baba Faith anarudi kukaa nyumbani, na mabati hayarudi. Nikirudia ile video, nitauza mboga peke yangu mpaka nizeeke, na wenzangu watakuwa wamekosa hata mtu wa kuwaamini. Siku hizi hata kuomba kunanishinda, kwa sababu naogopa kinywa changu.

Jumapili, muda wa ushuhuda ulipofika, watu waligeuka kuniangalia kwa mazoea. Nilibaki nimekaa. Mkurugenzi alikuwa kiti cha mbele. Ndipo Mama Brian akasimama. Huyu mama ana haya sana, tangu nimjue hajawahi kushika maikrofoni.

"Bwana asifiwe," akasema. "Namshukuru Mungu kwa sababu dada yangu Mama Faith ameambia wageni ukweli."

Akaketi. Kanisa lote likaitikia amina, na mkurugenzi naye akaitikia, sijui kama alijua anaitikia nini. Baada ya ibada Mama Brian alinipita bila salamu.

Wageni wanafika kesho kutwa. Mungu ameshashukuriwa kwa jambo ambalo sijalifanya. Nyinyi mnaosoma, msinipe maneno matamu. Niambieni, nikiwekwa tena mbele ya hao watu, niseme nini, na jioni nimwangalie mume wangu vipi?