Jua Lilipatwa, Nami Nilinyamaza

Jumanne nilipigiwa simu kutoka Kibaha kwamba mwalimu wa hesabu niliyefundisha naye zamani amefariki. Wasomaji wa safu hii wananijua kwa maneno mengi, lakini siku hiyo nilimshukuru mpigaji kwa neno moja tu. Niliweka simu, nikakaa, kisha nikaanza kucheka. Mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini, nikamwambia nimefiwa. Akanitazama asijue anipe pole au aniitie daktari. Kilichonichekesha na kuniuma ni ukweli mmoja aliousema marehemu mwaka sabini na tatu, ambao nilimwacha aubebe peke yake.

Tulikuwa tukifundisha shule moja ya msingi ng'ambo ya Maneromango, yeye hesabu, mimi Kiswahili. Alikuwa na daftari la majedwali aliyonakili chuoni, na kwa daftari hilo akasimama kwenye mkutano wa kijiji akatangaza kuwa Jumamosi alasiri jua litapatwa, si lote, sehemu tu. Akaomba watu waruhusiwe kutoka mapema shamba la ujamaa wakalione. Mwenyekiti wetu hakuamini kitu ambacho hakikuja kwa waraka. "Ndugu Mwalimu," akauliza, "hilo jua limeidhinishwa na nani?" Mwalimu akajibu kuwa halihitaji kibali. "Haya, watatoka. Lakini lisipopatwa, palizi yote iliyobaki kwenye mihogo utaimaliza wewe, peke yako." Mwalimu akakubali hapo hapo.

Mimi siku hiyo sikwenda shambani. Niliomba ruhusa kwa homa, homa ile inayompata mtu kila Jumamosi ya palizi. Kosa la mwalimu likawa kuaminiwa kupita kiasi. Imamu aliwakusanya watu msikitini kwa sala ya kupatwa kwa jua, na sala hiyo haina haraka: sura ndefu, rukuu ndefu, sijida ndefu. Walutheri wachache, kwa kuwa walionywa kuhusu macho, walijifungia ndani na kuziba madirisha kwa mikeka. Mwalimu akabaki nje peke yake na kipande cha kioo alichokipaka masizi ya kibatari, akiita, "Tokeni mwone jamani, linamegwa!" Nani akatishe sala? Mimi nyumbani niliinamia karai la maji nikaliona: jua limeliwa zaidi ya nusu, kama andazi lililopita mikononi mwa mtoto. Chini ya mkorosho, vitone vyote vya mwanga vilikuwa vimegeuka hilali ndogo ndogo. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Watu walipotoka msikitini, jua lilikuwa zima, linawaka.

Mwenyekiti akaitisha mkutano. "Nani mwingine aliliona?" Mwalimu akasema kila mtu aliona mwanga ulivyofifia. "Wingu hilo," akasema Mwenyekiti. Nilikuwa mstari wa pili, nimejifunika shuka la mgonjwa. Ningesema nimeliona, ningekiri pia kuwa mwenye homa alikuwa uani anachungulia karai. Nikatazama miguu yangu. Mwalimu alipalilia mihogo ile wiki nzima baada ya masomo, nami kwa aibu nikimpelekea uji. Hakulalamika. Alinieleza tu kwamba kupatwa kwa jua kuna mzunguko: lile lile hurudi baada ya miaka kumi na minane, siku kumi na moja na masaa manane. Nikaapa moyoni kwamba likirudi nitasimama kumshuhudia.

Baadaye yeye akahamia Kibaha, mimi nikaingia magazetini. Siku ilipotimia nilikwenda kwake na karai jipya kwapani. Akaniwekea kiti uani, akajaza maji mwenyewe. Nilikodoa macho tangu alasiri hadi kuku wakaingia bandani, na jua halikupungua hata ukucha. Ndipo akaja na chai. "Umesahau yale masaa manane, ndugu yangu. Dunia inakuwa imegeuka. Leo linapatwa upande wa pili, kwetu ni usiku." Nikamuuliza kwa nini ameniacha nikae pale muda wote huo. "Siku ile nilichungulia juu ya ua wako nikakuona umeinamia karai. Homa gani ile?" Nilitamani ardhi inimeze. Nikamuuliza mbona hakunitaja. "Ningekutaja tungepalilia wawili," akasema, "na wewe jembe hulijui. Ungenikatia mihogo."

Tulicheka mpaka chai ikapoa, na kwa ujinga wangu nikadhani kucheka kumelimaliza jambo. Hakukulimaliza. Wazee wa kijiji kile hadi leo humwita mwalimu wa jua la uongo, na hivyo ndivyo alivyozikwa. Inaniuma. Mtu anaweza kuwa na hesabu sahihi, daftari, na jua lenyewe juu ya kichwa chake, bado akashika jembe kwa sababu mwenzake mmoja aliogopa kuitwa mvivu. Ushahidi ni kitu cha kutolewa mapema, aliyeuhitaji akiwa bado anasikia. Mimi nimechelewa. Hata hivyo, Ndugu Mwenyekiti, kama unasomewa gazeti hili, tafadhali weka kwenye kumbukumbu za mkutano ule: jua lilipatwa. Nililiona. Na sikuwa mgonjwa.