Rungu la Bamdogo Miraji

"Sista, huna huruma! Mtu mmempasua utumbo juzi tu, leo mnamswaga wodini kama mbuzi wa mnadani?"

Huyo ni mamdogo Anifa, mke wa bamdogo Miraji. Sista Oktavia hakukasirika. "Simswagi, mama. Natembea naye. Na uji atakunywa. Akilala tu, kifua kitajaa."

"Uji upite wapi, na tumbo limeshonwa?"

Bamdogo alishasimama zamani. Tangu serikali iruhusu biashara huria na malori ya watu binafsi yajae Makambako, yeye alikuwa utingo wa lori la viazi. Likisimama tu anashuka na rungu lake, anazunguka anagonga matairi, anasikiliza. Hakai. Siku ya harusi yake alichomoka akagonge matairi ya gari la maharusi! Basi wodini akawa anagonga miguu ya vitanda kwa rungu lilelile. "Hili lina upepo. Hili, pancha!" Wagonjwa wanacheka huku wameshika mishono. Kansa ya utumbo iliyompeleka pale ilishatolewa, na uso wake ulianza kung'aa.

Lakini mamdogo aliona aibu. Ndugu waje kumwona mgonjwa, wamkute anazurura? Watasema hauguzwi. Akalia, akalia, mpaka wakaturuhusu tumhamishie hospitali nyingine, karibu na nyumbani.

Huko, mwenye mshono wa tumbo analala chali mpaka nyuzi zitoke. Nikamwambia nesi kwamba kule alikuwa anatembea. "Kule ni kule," akanijibu.

Mamdogo akafurahi. Akamfunika mablanketi, maana baridi ya kwetu mnaijua. Ndugu wakajaa, wakasifu: sasa huyu anauguzwa.

"Anifa, rungu langu liko wapi?"

"Nimelipeleka nyumbani, mume wangu. Pumzika."

"Nizunguke mara moja tu."

"Pumzika, baba."

Akaanza kukohoa, huku kashika tumbo. Halafu hata nguvu ya kukohoa ikaisha. Tulimzika na nyuzi zake.

Baadaye nilikwenda kumsalimia mamdogo, yuko eda. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, siwezi kutulia sehemu moja, na nafasi ya bamdogo kwenye lori nimepewa mimi. Akaniuliza, "Hivi yule Sista, angenishika mkono akanieleza vizuri, si ningemwelewa?"

Nje Kheri, dereva wetu, akapiga honi.

Mamdogo akaingia chumbani, akatoka na rungu. "Chukua. Nenda, viazi vitaoza."

Nikatoka. Kheri alishawasha injini. Nikamwambia azime kwanza, nigonge matairi.