Mabenchi ya Chumba cha Gemu

Wasee, leo majirani wamekuja kwetu kwa matanga, na hakuna mtu amekufa.

Makosa ni yangu.

Nilitaka kugeuza chumba cha bro yangu Ochi kiwe cha gemu. Alienda kutafuta kazi, mwaka wa pili huu, hata barua hakuna. Kaseti zangu za gemu zimejaa kwa boksi, na chumba kimekaa tu.

Basi nikatoa kitanda chake nje, nikaazima mabenchi ya kanisa ili maboyz wapate pa kukaa.

Sasa si mnajua mtaa wetu wa Jericho? Kitanda kikitoka na mabenchi yakiingia, ni msiba, hakuna anayeuliza.

Nikiwa naunganisha waya za TV, nikasikia akina mama mlangoni wakiimba polepole. Mmoja ameshika sukari na majani chai.

Kabla nifungue mdomo, mathe wangu akarudi kutoka sokoni. Akaona kitanda cha Ochi nje. Kikapu kikamtoka mkononi.

Hakulia. Aliniuliza tu, "Wamempata wapi?"

Jameni, mngejibu nini? Mimi nilimwambia ni gemu tu.

Nawaandikia kutoka saiba, kwa kompyuta ya kulipia, nyumbani hakukaliki. Kitanda nimekirudisha, na mathe amekitandika shuka safi.

Lakini mabenchi amesema yakae kwanza, mpaka habari za Ochi zije.